Majani Yenye Barabara Nyeupe

Siku tuliyomzika Mama Felista, msichana aliyeniletea chakula alikula kwanza. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, magoti yakiniuma kwa safari ya kutoka Mumias, nikiwaza tu kwamba nikipata chai ya moto nitakuwa mtu tena. Akaja na sahani ya obusuma, yaani ugali, mboga za kienyeji na kipande cha ingokho, kuku wa huku, akapiga goti kidogo jinsi mabinti wa huku wanavyofanya mbele ya watu wazima. Badala ya kunipa sahani, akamega kitonge, akachovya kwenye zile mboga, akala. Alitafuna huku ananitazama, akameza, akangoja kidogo, kisha akaninyooshea sahani kwa mikono miwili. Mikono yangu ilikataa kuipokea. Sikuwa nimekanyaga boma lile kwa miaka mingi, na kitu nilichokuwa nimekificha mbali kabisa na mawazo yangu kilinirukia pale pale mbele ya waombolezaji. "Usiogope, kukhu," akaniambia kwa sauti ya chini, akiniita bibi yake, "si kukosa adabu. Kwa hii boma bibi arusi anakulanga kwanza ndio wengine wakule. Ni mila yao, ya tangu mababu." Alisema vile kwa unyenyekevu na hakika ya mtu aliyefundishwa vizuri. Mila ya mababu, ati. Mimi ni mzee lakini sijafika huko kwa mababu, na nilikuwepo mila hiyo ilipozaliwa. Nilikuwa mezani.

Nilifika kwa Mama Felista nikiwa nimetoka tu shuleni, msichana mrefu asiyejua aweke wapi mikono yake, nimsaidie kazi za nyumba na shamba, na nilikaa naye mwaka mmoja. Boma lake liko kando ya barabara ya kwenda Malava, mahali ambapo miwa inaanza kuzidi mahindi. Wenzake walipanda miwa, yeye akapanda maua. Dada yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua huko kwenye baridi ndiye aliyemletea mbegu, na Mama Felista akagundua kwamba makanisa ya Kakamega mjini hayana maua ya buluu. Yapo mekundu, yapo meupe, ya manjano yamejaa tele, lakini buluu hakuna. Basi akapanda delfinia, ua refu linalosimama wima kama gunzi la hindi lililovishwa nguo ya Jumapili, na ndugu yake mdogo anayeitwa laksipa, mwenye majani membamba. Harusi ikiwa Jumamosi, Ijumaa bafu lake halikuogeka, kwa sababu ndoo zote zilikuwa humo zikiwa zimejaa maua. Tuliogea nyuma ya nyumba. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kitambaa chake, na hata mtungi wa maji ulikuwa na kitambaa. Nilipenda nyumba ile kuliko nilivyowahi kupenda nyumba yoyote, na bado naikumbuka harufu yake, mchanganyiko wa moshi wa kuni, mafuta ya nywele na maji ya ndoo za maua.

Ardhi yake haikuwa kubwa, kwa hiyo hakuacha hata upenyo. Mstari wa delfinia, mstari wa mboga za tsisaka, mstari wa mboga za likhubi, mstari wa delfinia tena. Wageni walidhani ni fujo, naye akawaambia kila mmea una jirani yake. Mwaka ule wadudu waliingia. Sijui walitoka wapi. Niliona kwanza vijinzi vidogo sana, vyeusi vyenye doa la manjano mgongoni, vikirukaruka juu ya majani asubuhi jua likianza kuchoma. Baada ya siku chache majani yakaanza kuchorwa. Mstari mweupe mwembamba ulianzia pembeni ya jani, ukapinda, ukarudi, ukazunguka, ukizidi kunenepa kadiri unavyokwenda. Mama Felista aliiita barabara. "Njoo uone barabara zao," akaniambia, akachuma jani la delfinia na kuliinua kwenye jua. Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria maishani, kwamba jani lina ngozi mbili, ya juu na ya chini, na kati ya hizo ngozi mbili mna nafasi ya mtu kuishi. Mwishoni mwa barabara alikuwa amelala funza mdogo wa rangi ya siagi, na alikuwa anakula. Kichwa chake kilikwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, na kila kilipopita kijani kiliisha. Nilishtuka kwa namna ya kitoto, nikauliza anapumua vipi humo ndani. Mama Felista akasema hilo tujiulize wenyewe, maana na sisi tunaishi tumebanwa hivyo hivyo hapa Kakamega.

Kazi yangu ikawa hiyo. Kila asubuhi nilipita kwenye mistari ya delfinia, nikiyainua majani yaliyochorwa dhidi ya jua, nikimtafuta funza, nikimminya kwa ukucha wa kidole gumba. Kuna sauti ndogo sana anayotoa, au labda ni ukucha wenyewe. Majani yaliyoharibika kabisa niliyachoma. Dawa ya kupuliza haikuruhusiwa kuingia bomani, na hapa lazima nieleze vizuri, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapa. Mama Felista aliuza pia mboga, na mboga zake zilijulikana sokoni kwa sababu zilikuwa na barabara za wadudu. Huku kwetu mama anayejua kununua hachukui mboga inayong'aa. Anageuza fungu, anatafuta mahali palipotobolewa, palipochorwa, na akiona hapana hata alama moja anairudisha na kukutazama vibaya. Jani safi lisilo na doa ni jani lililopuliziwa. Jani ambalo mdudu amelila na hakufa, mtoto wako naye atalila na hatakufa. Nimelisikia hilo sokoni Kakamega, nimelisikia Malava, nimelisikia Mumias kwa majirani zangu Waislamu ambao hatukubaliani kuhusu mambo mengi mengine. Mwezi uliopita tu nilimsikia binti mdogo wa chuo, mwenye simu kubwa mkononi, akimwambia muuzaji, "Nipatie ile wadudu wamekula." Niliacha kikapu changu pale nikaenda kuketi kwenye ngazi za duka.

Vijinzi vile havikuchagua. Barabara zilizokuwa kwenye delfinia ndizo hizo hizo zilizokuwa kwenye likhubi, mkono ule ule, mchoro ule ule. Lakini sisi wa boma lile tulijua tofauti. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia mapema mwaka ule, akala delfinia changa, na tulimkuta amelala ubavu, miguu inatetemeka, macho wazi, hajafa na hawezi kusimama. Alikufa kabla ya jua kutua. Mama Felista alitusimamisha wote pale na kusema maua haya ni ya macho, si ya tumbo, na tangu siku hiyo hakulirudia neno hilo kwa sababu hakukuwa na haja. Nilikuwa nikiwashangaa wale funza baada ya hapo. Mbuzi mzima amekufa, na kidudu kisichofika hata punje ya mtama kinalala ndani ya sumu hiyo hiyo kinanenepa. Nilimwambia Mama Felista, akasema kila mtu na tumbo lake. Tulicheka. Tulijua jambo hilo mpaka tukasahau kwamba ni jambo la kujua.

Roselida alikuja wakati wa mvua ndefu. Benadi, mwana pekee wa Mama Felista, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na siku moja alirudi na msichana kutoka Khwisero aliyebeba mkoba mdogo na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Hawakuwa wamefuata utaratibu. Hakuna wazee waliotangulia, hakuna ng'ombe aliyetajwa. Msichana alikuwa amekuja mwenyewe, na kwao walikuwa wamemwambia akitoka asirudi. Alikuwa na sauti nene isiyolingana na mwili wake mwembamba, na alipocheka alifunika mdomo kwa nyuma ya mkono. Mama Felista alimpenda siku ya kwanza na akajitahidi asionyeshe. Tatizo lilikuwa Makokha, mdogo wa marehemu mume wake, aliyekaa Matete na ambaye ndiye aliyesemea ukoo. Makokha alisema hatambui mwanamke aliyejileta. Mwishowe alikubali jambo moja: ataonja mkono wake. Katika ukoo ule, bibi arusi mpya hupika chakula chake cha kwanza peke yake. Anaingia shambani kwa mama mkwe bila mtu wa kumwonyesha kitu, anachuma mwenyewe, anapika mwenyewe, anawapa wakubwa, na yeye anasimama. Hali mpaka wakubwa wamalize, halafu anakula yaliyobaki, jikoni. Wakubwa wakiridhika wanamwita binti yao, na kuanzia hapo hakuna wa kumfukuza.

Tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, kitanda changu na kitanda chake vikitenganishwa na magunia ya mahindi. Jumapili moja mchana mvua ilikuwa inanyesha, tumelala tu tunasikiliza mabati, akaniambia, "Ayuma, mimi sitaki vitu mingi. Nataka tu yule mama aniite mukhana wanje. Akishaniita hivyo, hata Makokha aseme nini, mimi nimefika." Mukhana wanje ni binti yangu. Mama Felista alikuwa akiniita mimi hivyo kila siku, kwa urahisi, hata nikimwaga maji. Sikujua ni kitu cha kutamaniwa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, Mama Felista si mtu wa kukaza roho. Akauliza kama mama anapenda mboga zenye uchungu au zisizo na uchungu. Nikamwambia chungu kabisa, maziwa kidogo tu. Alirudia maneno hayo polepole kwa sauti, chungu kabisa, maziwa kidogo tu, kama mtu anayejifunza njia ya kwenda nyumbani kwa mwenzake.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa naondoka kupeleka maua kanisani mjini. Mama Felista alikuwa kwenye kochi anafuma, Roselida amesimama mlangoni na kikapu. "Mama, shamba yako iko na mboga mingi sijawahi ona," akasema. "Hata zile za kizungu." Ilikuwa kweli. Kulikuwa na mchicha wa majani mapana, na majani mekundu ya viazi fulani vitamu, na kitu kama giligilani. Mama Felista alicheka bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Sina ruhusa ya kukuonyesha," akasema, "Makokha atasema nimekupikia. Lakini wewe ni msichana wa kijijini, si unajua. Chuma penye wadudu wamepita. Penye wadudu wamepita hapawezi kukudanganya." Roselida akasema ndiyo, mama, akaenda. Nilipita naye mpaka kona ya nyumba. Delfinia zilikuwa zimekatwa baada ya maua kuisha, na wakati huo zilikuwa zimechipuka upya kutoka chini, majani laini, mapana, yaliyogawanyika vidole vidole, hayana ua hata moja la kusema mimi ni ua. Yalikuwa yamechorwa barabara nyeupe kuliko mmea wowote shambani. Nilibeba ndoo zangu nikaenda barabarani.

Nimekila chakula kile kichwani mara nyingi kuliko nilivyokila mdomoni. Nilirudi saa ya mchana nikakuta meza imewekwa kwa kitambaa kizuri kuliko vyote. Ingokho ilikuwa imekaangwa ikakaukia vizuri, obusuma ulikuwa mgumu na wa moto, na katikati palikuwa na chungu cha mboga zilizopikwa kwa musherekha, yale maji ya majivu tunayotumia badala ya magadi. Makokha alikuwa hajafika. Mama Felista akasema chakula cha moto hakimsubiri mtu wa Matete, akaniketisha kando yake kama binti wa nyumba. Roselida alitunawisha. Kisha akasimama ukutani, mikono mbele, macho chini, na Mama Felista akamega kitonge, akachovya, akaonja. Akafumba macho. "Iko chungu vizuri," akasema. "Ayuma, onja. Hii ni mboga." Nilionja. Ilikuwa chungu kwelikweli, uchungu uliobaki nyuma ya ulimi, nami nikasifu kwa sababu ndivyo tunavyosifu mboga huku, kwa uchungu wake. Mama Felista aliongeza mara mbili. Roselida hakuinua uso, lakini niliona pembe ya mdomo wake inapanda, na mkono wake ukaja kuifunika.

Midomo yangu ndiyo iliyoanza. Iliwasha kana kwamba nimekula pilipili, kisha ikaacha kuwasha, na kuacha kwenyewe kukawa kubaya zaidi kwa sababu sikuihisi tena. Niliigusa kwa kidole, nikahisi nimegusa mdomo wa mtu mwingine. Nilimgeukia Mama Felista kumwambia, nikaona kitonge kimemdondoka kwenye nguo na anakitazama. Alijaribu kusimama akarudi chini. Jasho lilimtoka usoni lote kwa pamoja. Roselida alikimbia akamshika mabega, "Mama, ni nini, mama," na wakati huo huo Makokha akaingia mlangoni na kofia mkononi. Aliona shemeji yake anateleza kutoka kwenye kochi, akaniona mimi nimeegemea meza nikitokwa na mate, akaona nani yuko mzima. Hakuhitaji zaidi. Alitoka nje akapiga ukelele, na kabla sijajua, ua lilikuwa limejaa watu kutoka kwenye miwa, wanaume wakiwa na mapanga yao ya kazi mkononi. Walimbeba Mama Felista kwenye pikapu iliyokuwa ikipakia miwa barabarani. Nami walinitoa nje wakaniketisha ukutani ningoje gari la pili.

"Muulizeni, yeye amekula?" Makokha alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Hii meza iko na sahani mbili. Yeye sahani yake iko wapi? Amejireta hapa bila watu, na leo amereta sumu kwa nyumba ya ndugu yangu." Kila mtu pale alijua kwamba bibi arusi hali mpaka wakubwa wamalize. Mama zao walifanya hivyo, wake zao walifanya hivyo. Kwa muda ule, wote walisahau, na mimi nilikaa nikiwatazama wakisahau. Roselida alisema, "Ni mboga tu. Nimechuma hapa hapa kwa mama. Nimechuma penye wadudu wamepita." Na hapo ndipo nilipoelewa. Maganda na mabua aliyoyatupa yalikuwa pembeni ya mlango wa jikoni, karibu na miguu yangu, na juu ya lundo kulikuwa na jani la delfinia lenye barabara nyeupe imepinda mara tatu.

Niliita. Nataka ieleweke kwamba niliita. Nilisema maua, lakini ulimi wangu ulikuwa umelala mdomoni kama kitu cha kuazima, na kilichotoka ni mlio. Niliinua mkono nikaonyesha shamba. Vijana wawili wakasema ninaonyesha msichana alikoficha sumu, wakakimbilia huko, wakapekua kati ya mistari wakirusha udongo. Niliendelea kuonyesha kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Roselida aliufuata mkono wangu kwa macho, kisha akaniangalia mimi. Watu wameniambia maisha yangu yote kwamba sikukosea, na najua sikukosea. Lakini uso ule nimeubeba. "Hata wewe, Ayuma," akasema. Hakulia. Aliingia ndani, hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyedhani kuna pa kukimbilia, akatoka na chungu. Akaketi kwenye kizingiti mbele ya Makokha, mbele ya wale wanaume wa mapanga, akakiweka katikati ya magoti. "Mama amenisifu," akasema. "Wewe hukusikia, lakini alinisifu. Kama ni sumu, wacha niikule." Akaanza kula.

Hakula kwa hasira. Hilo ndilo lililonishtua wakati ule na linanishtua mpaka leo. Alikula kwa adabu, kwa mkono wa kulia, akimeza vizuri kabla ya kuchota tena, kwa sababu hakuwa na shaka yoyote kwamba mboga zake ni safi. Alikuwa anakula chakula chake cha kwanza cha ndoa. Nilijaribu kusimama nikipige teke kile chungu, miguu ikaniacha, nikaanguka kifudifudi kwenye udongo na kuona tu vidole vya miguu yake na chini ya chungu. Mwanamke mmoja alisema ameanza kumwamini. Mapanga yakaanza kushuka. Makokha alivaa kofia yake, akaivua. Roselida alikomba chungu chote, akainua kiganja chake kitupu wakione, na alikuwa bado anawaonyesha mkono ulipoanza kutetemeka.

Gari la pili lilitupakia sote wawili. Benadi alitukuta njiani, akarukia nyuma ya gari lile likiwa linatembea. Roselida alikufa kabla hatujafika mjini, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Benadi. Macho yake yalikuwa wazi, na kifua kilipumua kwa shida, kisha hakikupumua. Mimi nilitapika sana hospitalini na kesho yake niliweza kusema. Nilikuwa nimewekwa kitanda cha jirani na Mama Felista, kwa hiyo nilikuwepo ulimi wake uliporudi. Muuguzi alikuwa anamfuta uso. Mama Felista alifungua macho, akatazama dari kwa muda mrefu, akatafuta neno, na akauliza, "Roselida amekula?" Muuguzi, maskini, alidhani ni mapenzi ya mama mkwe. Akatabasamu, akamwambia amepumzika. Lakini Mama Felista hakuwa ameuliza kwa mapenzi. Alikuwa ameamka tayari anajua, ladha ile ilikuwa bado mdomoni mwake, na alikuwa anataka kumwahi kabla hajala yaliyobaki. Aligeuza kichwa akaniona. Sikuwa na haja ya kusema, na kwa mara ya kwanza tangu jana ningeweza.

Aliongea matangani, akiwa ameshikiliwa na wanawake wawili. Kulikuwa na ubishi kuhusu pa kumzika msichana ambaye hakuna ng'ombe aliyetolewa kwa ajili yake. Watu wa Khwisero walikuwa wamekuja na maneno makali, Makokha ameketi mwisho kabisa ameinamisha kichwa. Mama Felista alisema, "Mimi ndio nilimwambia achume penye wadudu wamepita. Hakuna mtu mwingine. Mukhana wanje atalala hapa." Halafu akawaachilia wale wanawake waliomshika, akaenda shambani, akapiga magoti na kuanza kung'oa delfinia kwa mikono yake. Aling'oa mstari wa kwanza mbele ya watu wote, wa pili, watu wakataka kumsaidia akawakataza kwa kichwa. Vijinzi viliruka kutoka kwenye majani vikatua kwenye likhubi, havijapungukiwa na kitu. Kaburi lilichimbwa mahali pale maua yalipokuwa. Niliondoka kwake mwisho wa mwaka na sikurudi tena. Tulisalimiana kupitia watu.

Hayo yote yalinipitia nikiwa kwenye kiti cha plastiki, na yule msichana bado amenyoosha sahani. Nyuma yake niliona udongo mpya wa Mama Felista, na kando yake kaburi la zamani lililosakafiwa, yamelala pamoja kama vile vitanda vyetu viwili, changu na cha Roselida. Benadi, mzee sasa, alikuwa anazunguka akiwashukuru watu, na mke aliyemwoa baadaye alikuwa jikoni. Msichana huyu alikuwa mke wa mwana wao. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha mila hiyo. "Ni yeye mwenyewe, kukhu Felista," akasema. "Nikileta chakula, anashika mkono ya kila mtu hapo mezani, hakuna kukula mpaka mimi nimeze. Halafu ananiangalia, ananiangalia, ndio anaachilia. Saa zingine alikuwa analia." Akatazama huku na huku asije akaonekana anamsema marehemu. "Mimi naitwa Brenda. Lakini hii miaka ya mwisho alikuwa ananiita tu Roselida. Nilidhani ni uzee, nikawa naitika. Kukhu, kwani Roselida ni nani?"

Nilipokea sahani. Nilimwambia avute kiti akae, akasema bibi arusi haketi na wageni. Nikamwambia atakaa. Akakaa. Nikamega kitonge, nikachovya kwenye mboga zake, nikala mbele yake mpaka nikameza, na zilikuwa chungu vizuri, nikamwambia hivyo. Kisha nikamwonyesha lile kaburi la zamani.

"Ni huyo," nikasema. "Yeye aliitwa binti mara moja tu, akiwa amekwisha kufa, na wewe umemwitikia miaka yote hiyo, mukhana wanje."